Maswali ya Wasomaji: Tairi la Pikipiki Limetoboka, Kiraka au Jipya?

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka Goma, na karibu zote zinalalamikia gurudumu la nyuma. Si ajabu. Mji umekaa juu ya mawe ya volkano. Lava ya Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na ile ya tarehe 22 Mei 2021 ikakata barabara ya Rutshuru, ikasimama Buhene. Jiwe hilo likivunjika huwa na ukingo mkali kama chupa. Ongeza misumari ya nyumba za mbao, inayomwagika kila mtu anapobomoa au kujenga, utaelewa kwa nini kwado, yaani fundi wa kuziba pancha, hakosi kazi.

*

Wakubwa, nawasalimu. Naendesha pikipiki ya abiria, Boxer yenye spoki, kati ya Ndosho na Birere. Tairi la nyuma limetoboka mara nne ndani ya wiki tatu. Kwado wa kwanza anasema ninunue tyubu, wa pili anasema tairi lenyewe limekwisha, wa tatu anabandika tu na kuniambia niende. Nimsikilize nani?
— Motari, Ndosho

Ndugu yetu, huenda wote watatu wana haki, maana kila mmoja amejibu swali lake. Gurudumu lako lina vitu viwili: tyubu, ambayo kazi yake ni kushika upepo, na tairi, ambalo kazi yake ni kubeba mzigo na kuikinga tyubu. Kiraka hutibu tyubu. Tairi lililokatika halina habari kwamba tyubu imebandikwa, na kesho litaitoboa tena. Kwa hiyo tundu lisomwe kwanza, bei itajwe baadaye.

Kulisoma kunaanza kabla tairi halijang'olewa. Chora alama ya chaki ubavuni mwa tairi, mkabala na valvu, na ukumbuke upande wa mnyororo ulikuwa upi. Tyubu ikishatoka na tundu likaonekana, ilaze juu ya tairi, valvu ikielekea chaki. Utajua mara moja ni sehemu gani ya tairi ya kuchunguza. Kwado anayetumbukiza tyubu kwenye beseni bila alama yoyote anatafuta tundu, hatafuti sababu.

Tundu moja dogo, upande unaogusa tairi, ni la msumari, waya au kipande cha jiwe. Pitisha kitambaa ndani ya tairi, mzunguko mzima, kwa kwenda na kwa kurudi. Usitumie vidole vitupu, vitachanika. Kitambaa kikinasa mahali, hapo pana kitu, na kitolewe kwa koleo. Pancha nyingi za "mara ya nne" ni kipande kilekile cha waya kilichobaki ndani tangu mara ya kwanza.

Mikato miwili midogo iliyokaa sambamba, kama alama za meno, haikuletwa na msumari. Upepo ulikuwa mdogo, gurudumu likagonga jiwe, tyubu ikabanwa kati ya tairi na kingo mbili za rimu. Ukinunua tyubu mpya na kuiendesha kwa upepo uleule, itakatwa vilevile.

Tundu likiwa upande wa ndani, unaogusa rimu, lawama ni ya rimu: spoki iliyokazwa ikachomoza, kutu, au mkanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoki umekatika au umesogea. Kata ncha ya spoki kwa tupa mpaka iwe sawa na kichwa chake, kwangua kutu, weka mkanda mzima. Mkanda ni kitu cha bei ndogo, lakini makwado wengi huurudisha hata ukiwa vipande.

Mpasuko kwenye shina la valvu maana yake tairi linateleza juu ya rimu na kuiburuta tyubu. Tyubu hiyo haina tiba. Kiraka hakishiki pale ambapo mpira unakutana na chuma.

Sasa tairi lenyewe. Lipanue kwa mikono juani, uangalie upande wa ndani pale palipotoboka. Chini ya mpira kuna nyuzi za nailoni, na hizo ndizo zinazobeba uzito. Msumari mwembamba hupenya kati ya nyuzi na kuziacha nzima, kwa hiyo tairi linaendelea na kazi. Jiwe la lava hukata. Mkato wa kina unaozidi milimita 6 na nyuzi zimekatika, tairi limekwisha hata kama meno yake bado marefu. Ubavuni hatutoi nafasi kabisa: ubavu hukunjwa na kunyooshwa kila gurudumu linapozunguka, kwa hiyo uzi ukionekana hapo, tairi litoke. Vivyo hivyo uvimbe wowote, hata wa ukubwa wa punje ya mahindi, kwa sababu ni dalili kwamba nyuzi za chini zimeachana. Vivyo hivyo waya wa mdomo wa tairi, ule ukingo unaokaa ndani ya rimu, uliojikunja au kuchomoza. Na ukikuta ndani kuna unga mweusi wa mpira pamoja na mstari wa mikunjo kuzunguka ubavu, tairi hilo liliendeshwa bila upepo. Huenda likashika upepo leo, likapasuka kesho kwenye mteremko.

Meno ya tairi yana alama zake: vinundu vidogo vilivyo chini ndani ya mifereji, na ubavuni utaona herufi TWI au pembetatu inayokuelekeza. Meno yakishuka mpaka kwenye kinundu, muda umekwisha. Kwa Goma sisi hatungojei kinundu. Yakibaki milimita 2 katikati, mpira uliosalia juu ya nyuzi ni mwembamba mno kwa mawe haya, na pancha zitaanza kufuatana. Pesa unayodhani unaokoa kwa kulichelewesha tairi unaipeleka kwa kwado kidogo kidogo.

Basi, pancha zako nne. Kama zote ziko mahali pamoja, kuna kitu ndani ya tairi. Kama zimetawanyika na zote zimetoka nje, pima meno. Kwado wa pili huenda ndiye mkweli. Kama ni mikato miwili miwili, tatizo ni upepo na mzigo, na hapo tuseme wazi. Kwa Boxer na pikipiki za aina yake, upepo wa kawaida tairi likiwa limepoa ni bar 1.75 mbele (psi 25), na nyuma bar 2 (psi 28) ukiwa peke yako, bar 2.25 (psi 32) ukiwa na abiria. Kitabu au kibandiko cha pikipiki yako kikisema tofauti, fuata hicho. Kubonyeza kwa kidole gumba si kipimo. Kidole hakiwezi kutofautisha bar 1.5 na bar 2.

Na abiria wawili je? Tupige hesabu. Tairi lililoandikwa 3.00-17 50P linaruhusiwa kubeba kilo 190, hiyo ndiyo maana ya namba 50. Pikipiki ya kilo 115 na watu watatu wa kilo 65 ni kilo 310. Theluthi mbili za uzito huo zikikaa nyuma ni zaidi ya kilo 200. Umeshapita mpaka kabla abiria hajapakata gunia lake la mkaa.

*

Najifunza kazi ya ukwado. Nabandika kiraka cha baridi, siku mbili tatu mteja anarudi kimefunguka pembeni. Mkubwa wangu anachoma kwa pistoni kuukuu ya injini inayowashwa moto, vyake vinakaa. Je, kiraka cha baridi ni cha bure tu?
— Kwado kijana, Katindo

Hapana, kijana wetu. Kiraka cha baridi kilichofuata utaratibu hukaa mpaka tyubu ife. Kinachofunguka mara nyingi kilifunguka tangu siku ya kwanza, ila hukukiona.

Anza na tyubu kavu, isiyo na upepo hata kidogo. Kwangua kwa msasa namba 80 hivi, eneo linalozidi kiraka kwa sentimita moja kila upande, mpaka mng'ao wote uondoke na mpira uwe mweusi wa vumbi. Kama mstari wa kiwandani unapita hapo, usawazishe kabisa, la sivyo upepo utatambaa chini ya kiraka kwa kufuata mstari huo. Pangusa vumbi kwa kitambaa safi. Wengi hutumia esansi (petroli). Si vibaya kama ni safi, lakini esansi iliyochanganywa na oili huacha utando, na gundi haishiki utando. Ukishapangusa usiguse tena kwa kidole.

Gundi ipakwe nyembamba. Halafu ngoja. Hapa ndipo kazi inapoharibika, kwa sababu mteja amesimama juu ya kichwa chako. Dakika 5 mpaka 10, na asubuhi ya mvua hata zaidi. Gusa pembeni kwa mgongo wa kidole: ikivuta nyuzi, bado, ikinata kidogo bila kukuachia kitu kidoleni, tayari. Ukibandika ikiwa mbichi, kimiminika kinachotakiwa kuruka kinafungiwa chini ya kiraka, na tairi likipata joto kinatafuta njia ya kutokea. Njia hiyo ndiyo pembe inayofunguka.

Kiraka kizidi tundu kwa sentimita 2 hivi kila upande. Toa karatasi yake ya chini bila kugusa upande wa kunata, kilaze kuanzia katikati, kisha ukikandamize kwa kigurudumu au mpini laini kutoka katikati kwenda pembeni. Paka unga wa talki juu yake ili gundi iliyobaki nje isishikane na tairi. Unapojaribu kwenye maji, tia upepo wa kuifanya tyubu iwe mviringo tu. Tyubu iliyo nje ya tairi ikivimbishwa kama puto, mpira unanyooka kuliko kiraka, na pembe zinaachia mbele ya macho yako.

Kuna sababu nyingine, nayo ndiyo tunayoishuku zaidi kwako: kiraka chenyewe. Kipande kilichokatwa kwenye tyubu kuukuu na kubandikwa kwa gundi ya viatu si kiraka. Viraka vya dukani vina tabaka la chini linaloungana na gundi yake na kuwa mpira mmoja. Gundi ya viatu hushika ikiwa baridi, hulegea ikipata joto, na tairi linalobeba abiria kutwa nzima huwa na joto.

Kuhusu mkubwa wako: anachofanya ni kupika mpira mbichi uwe mpira mgumu, kazi ambayo Charles Goodyear wa Marekani aliipatia hataza mwaka 1844. Mpira mbichi wenye salfa ukibanwa na kupata joto la nyuzi 150 hivi, unashikamana na tyubu kuliko gundi yoyote. Dakika 10 mpaka 15 za moto kwenye pistoni, kisha upoe ukiwa bado umebanwa. Ukilegeza kibanio ungali wa moto, viputo vya hewa vinabaki ndani. Moto ukizidi, mpira unaozunguka kiraka unakuwa mgumu na kung'aa. Ukunje ukishapoa: ukiona nyufa ndogo kama za matope makavu, tyubu imeungua, na itapasuka kwa kuzunguka kiraka kizuri kabisa. Pistoni haina kipimajoto. Jicho la mkubwa wako ndilo kipimajoto, na jicho hilo limemgharimu tyubu nyingi. Wewe kwa sasa kaa na baridi, uifanye vizuri. Na chupa ya esansi isikae karibu na pistoni inayowaka. Kibanda cha mbao hakingoji mara ya pili.

Usibandike kabisa mpasuko unaozidi sentimita moja, tundu lililo karibu na valvu, wala tundu ambalo kiraka chake kitapanda juu ya kiraka kingine.

*

Nina pikipiki mbili nilizowapa vijana, wananiletea pesa kila jioni. Mmoja kila wiki anakata pesa ya tyubu mpya. Mimi nauza samaki Kituku, sijui mambo ya tairi. Nitajuaje kama ni kweli?
— Mama mwenye pikipiki, Himbi

Mama, usigombane, weka sharti moja: tyubu mpya hulipwa tyubu ya zamani ikirudi nyumbani. Ikifika mkononi mwako, hesabu viraka, angalia valvu, tafuta tundu. Tyubu yenye tundu moja la msumari ilitakiwa kubandikwa, si kutupwa. Tyubu iliyopasuka kwenye valvu, au yenye mpasuko mrefu kama kidole, kijana wako kasema kweli. Ukiona mikato miwili sambamba kila mara, anaendesha bila kupima upepo au anapakia kupita kiasi. Mnunulie kipimo kidogo cha mkononi na umwambie apime kila asubuhi kabla ya kuondoka, maana tairi lililokwisha kupata moto hudanganya, linaonyesha upepo mwingi kuliko uliomo.

Kisha piga hesabu ya sokoni, unayoijua kuliko sisi. Uliza bei ya kiraka kimoja, ya tyubu moja, na ya tairi moja. Gawa bei ya tairi kwa bei ya kiraka. Tuseme umepata 12, na pikipiki inatoboka mara tatu kwa mwezi kwa sababu tairi limekwisha: katika miezi minne umelipa tairi na bado huna tairi. Na hapo hujahesabu saa ambazo kijana amekaa kwa kwado badala ya kubeba watu. Kwa pikipiki ya biashara, saa hizo ndizo ghali.

Tairi likibadilishwa, tyubu nayo ibadilishwe. Tyubu iliyotumika imeshanyooka kwa umbo la tairi kuukuu. Ikiingizwa kwenye jipya hujikunja, na mkunjo husuguana mpaka utoboke. Mkanda wa rimu uangaliwe hapohapo.

*

Kwado ameniwekea kipande cha tairi kuukuu ndani ya tairi, kati yake na tyubu. Anasema mawe hayatafika tena. Ni kweli?
— Mwalimu, njia ya Sake

Kwa wiki kadhaa, ni kweli. Mawe hayafiki. Kinachofika ni joto na msuguano. Tabaka mbili za mpira zisizoshikamana husuguana kila gurudumu linapozunguka, na ncha za kipande hicho, hata zikichongwa kwa kisu, huisugua tyubu mahali pamoja. Utaona unga mweusi ndani, kisha eneo la tyubu lililokwanguka kama ngozi ya goti, halafu tundu lisilo na msumari. Gurudumu pia linakuwa zito upande mmoja na kuanza kutikisika mwendo ukiongezeka.

Kama tairi lako lina tundu dogo la msumari ambalo tyubu inataka kujipenyeza, dawa yake ni kiraka cha tairi. Hicho kina nyuzi ndani yake, na hubandikwa kwa msasa na gundi upande wa ndani wa tairi, kikawa sehemu yake. Kipande kilicholazwa tu bila kubandikwa ni cha kukufikisha nyumbani. Kutoka Sake mpaka Goma ni kilomita zipatazo 25, kwa hiyo tunaelewa kwa nini ulikikubali. Ila ukifika, kitoe.

Umeuliza pia, mwishoni mwa barua, kama unaweza kuendesha taratibu bila upepo mpaka kwa kwado wa karibu. Sukuma. Mita mia chache juu ya tairi tupu zinatosha kuing'oa valvu, na ukiendelea, ubavu wa tairi unakatwa na rimu kwa ndani. Pancha ya kiraka kimoja inageuka tyubu na tairi. Kama mahali si salama na lazima uondoke, abiria ashuke, uende mwendo wa mtu anayetembea, na uzito wako uusogeze mbele juu ya tangi.

*

Pikipiki yangu ina tairi lisilo na tyubu. Kwado alichomeka utambi wa mpira kutoka nje, akakata, basi. Dakika tano. Naweza kuuamini?
— Msomaji, Bukavu

Utambi wa nje ni wa kukutoa njiani. Kuuamini moja kwa moja, hapana, hasa gurudumu la mbele. Kazi kamili ni kulitoa tairi na kuweka kiraka chenye mkia, kama uyoga: mkia unaziba njia ya msumari, kichwa kinafunika kwa ndani, na fundi anapata nafasi ya kuona kama nyuzi zimekatika. Tundu liwe sehemu ya meno, karibu na katikati, na lisizidi milimita 6. Begani au ubavuni, nunua tairi. Baada ya utambi nenda polepole siku nzima ya kwanza, na upime upepo jioni na asubuhi, ukishuka, unavuja.

Na ile dawa ya maji inayomwagwa ndani kupitia valvu ili izibe yenyewe: inaziba vitundu vidogo, kweli. Lakini ukiitumia, mwambie kwado. Ndani kunabaki utelezi, na kiraka hakishiki juu ya utelezi mpaka paoshwe na kukauka.

*

Nanunua tairi Birere. Yote meusi, yote yanang'aa. Niangalie nini?
— Motari, Majengo

Soma ubavu. 3.00-17 maana yake upana wa inchi 3 kwa rimu ya inchi 17. Pikipiki nyingi za abiria zina 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma, ila soma lililoko kwenye pikipiki yako, kwani za inchi 18 zipo nyingi na hazibadilishani. Baada ya hapo huja namba ya mzigo na herufi ya mwendo: 41 ni kilo 145, 47 ni kilo 175, 50 ni kilo 190, herufi P ni kilomita 150 kwa saa. TT maana yake linataka tyubu, TL halitaki. Tafuta tarakimu nne za tarehe kwenye kidirisha chake: 3523 ni wiki ya 35 ya mwaka 2023. Tairi lililokaa juani mbele ya duka miaka sita lina nyufa nyembamba kati ya meno hata kama halijawahi kukanyaga barabara. Likunje uzione. Mshale wa kuzunguka ufuatwe.

Jihadhari na tairi lililochongwa. Mafundi wengine huchukua tairi lililokwisha na kulichimba mifereji mipya kwa chuma cha moto. Utalitambua kwa mifereji isiyo na vinundu, yenye kingo zilizoyeyuka, na mara nyingi chini ya mfereji uzi umeanza kuonekana. Huo mpira uliochimbwa ndio uliokuwa ngao yako ya mwisho. Tairi la namna hiyo lipelekwe kwa mafundi wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, walikate la kuvalisha magurudumu ya mbao. Huko litafanya kazi nzuri.

*

Kila nikibadilisha tyubu mwenyewe naitoboa kwa chuma cha kung'olea. Nakosea wapi?
— Msomaji, Munigi

Unatumia nguvu kwa sababu upande wa pili wa tairi haujashuka. Rimu ina bonde katikati. Midomo ya tairi upande ulio mkabala na chuma chako lazima ikandamizwe ndani ya bonde hilo, kwa magoti, ndipo upande wako ulegee. Anza kung'oa karibu na valvu, na wakati wa kurudisha malizia hapohapo, kwa kuwa valvu inazuia mdomo usishuke bondeni. Inua sentimita 3 mpaka 5 kwa mara moja. Maji ya sabuni kwenye midomo. Bisibisi iache kwenye sanduku.

Tyubu itiwe upepo kidogo kabla ya kuingia, iwe na umbo, isijipenyeze chini ya chuma. Kabla ya kuingiza mdomo wa mwisho isukume valvu juu kisha uivute, tyubu isibanwe chini ya mdomo. Jaza, angalia mstari mwembamba ulio juu ya rimu uwe sawa mzunguko mzima pande zote mbili, toa upepo wote, jaza tena, mikunjo inajinyoosha. Nati ya valvu usiikaze dhidi ya rimu. Ipandishe juu ikutane na kifuniko. Hivyo tairi likiteleza utaiona valvu imelala upande, utapata muda wa kuirekebisha kabla haijang'oka.

Gurudumu likirudi, mnyororo ucheze sentimita 2 mpaka 3 katikati, alama za pande zote mbili za ekseli zilingane, pini ya nati ipindwe. Na ile fimbo inayoshika bamba la breki ya nyuma, ifungwe na pini yake. Ikisahaulika, siku utakayokanyaga breki kwa nguvu bamba lote litazunguka na gurudumu litajifunga.